Mzee wa Maungioni

Chumba cha mama kiliongezwa nyuma ya nyumba kubwa, kikaegemezwa kwenye ukuta wake. Kiliweza kuchukua kitanda, kabati na mtu mmoja asiyenyoosha mikono. Mtoto wake wa kwanza alikijenga mara baada ya kumzika baba yao. Alisema mama anahitaji utulivu, mbali na kelele za wajukuu. Mama hakuwahi kulalamikia kelele za wajukuu.

Aliyeezeka ni mtoto wa pili, fundi bati, tena fundi hasa, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Paa linapokutana na ukuta ndipo maji yanapopenda kuingia, kwa hiyo fundi hukunja kipande kirefu cha bati, nusu kilale juu ya paa, nusu kisimame ukutani, na ukingo wa juu auzamishe ndani ya plasta, kwenye mfereji mwembamba uliochongwa kwa tindo. Marehemu mzee alikuwa akisema, "Watu huambiwa wazibe ufa. Sisi tunaanza kwa kuuchonga." Kisha anacheka peke yake.

Siku ile fundi alikuwa na haraka, mteja anamsubiri. Hakuchonga. Bati la maungio alilipigilia ukutani hivihivi kwa misumari, akapaka lami, akasema atarudi kesho. Kinyozi hajinyoi, na kesho ya fundi, jamani, mnaijua.

Mvua ya kwanza ilimwagikia mto wa mama. Akasogeza kitanda, ikamfuata. Mvua ya pili haikudondosha kitu, isipokuwa tone mojamoja kwenye kona ya kushoto, ambako mama alitega kikombe. Mama akatoka na mwavuli kutazama. Mumewe alikuwa amelala kiubavu juu ya paa, amejinyoosha kwenye maungio, mgongo kaubana ukutani, amevaa lile shati lake la kahawia la kazini. Maji yalishuka ukutani, yakampita begani, yakateremka kwenye bati mpaka kwenye gata. Kazi safi kabisa. Mzee hakuwa mrefu, ndiyo maana ile kona ya kushoto hakuifikia.

"Umekula?" mama akamwuliza, kama alivyozoea kumwuliza.

"Nimeshiba," akajibu mzee. "Ingia ndani, utalowa."

Familia ikazoea. Mvua ikinyesha yupo, jua likitoka hayupo. Mpira wa wajukuu ukikwama juu, anawarushia. Mkwe wake, mke wa yule mtoto wa kwanza, fundi cherehani na mtu mwenye adabu zake, alifungua dirisha la nyumba kubwa linalotazama paa lile. "Shikamoo baba," akasema. "Maadamu uko hukohuko, hebu tutolee na hayo majani kwenye gata." Mzee akanyoosha mkono akayatoa.

Aliyeumia ni mama. Kitanda kilikuwa kikavu lakini usingizi haukuja. Juu ya kichwa chake alisikia kikohozi, kilekile kilichomwua mumewe, na kila mzee akikohoa bati lilitetema. Alikuwa amemwuguza mtu huyu, akamfumba macho kwa vidole vyake mwenyewe, akajipa moyo kwamba angalau sasa amepumzika. Kumbe amehamishwa kazi tu.

"Baba yenu hajapumzika," akawaambia wanawe. "Chongeni huo ukuta, tieni bati, ashuke. Sitaki kingine kwenu."

"Jumamosi, mama," akasema fundi.

"Kwani yeye mwenyewe amelalamika?" akauliza kaka mtu. "Mama, wenzetu wazee wao hata ndotoni hawaji."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jumamosi zikapita. Jumamosi moja fundi alikuja kweli, bati jipya begani, limekunjwa vizuri. Kabla hajalitua simu ikalia, akalipeleka kwa mteja.

Basi asubuhi moja ya manyunyu mama akachukua tindo na nyundo za marehemu, akaegemeza ngazi, akapanda.

"Baba watoto, nielekeze."

"Shuka, utaanguka."

"Nikianguka si tutakuwa pamoja? Nielekeze."

Mzee akajivuta kidogo, akamwonyesha kwa kidole pa kuanzia. "Taratibu. Plasta haitaki hasira."

Mama akagonga. Alikuwa amechonga kama shubiri moja hivi mtoto wa kwanza alipotoka mbio, taulo kiunoni.

"Mama! Unanibomolea nyumba?"

"Namshusha baba yako."

"Majirani wanatazama! Watasema tumeshindwa kukutunza. Shuka, tafadhali mama yangu."

Akamshusha kwa upole, amemshika mkono, kisha akaifungia ngazi stoo na ufunguo akautia mfukoni. Mzee aliyatazama yote hayo, akajilaza upya.

"Walikuwa watoto wazuri," mama akasema akiwa kitandani, uso kauelekeza kwenye bati.

"Bado ni wazuri," akajibu mzee kutoka juu. "Wametingwa tu." Akakohoa. Mama akalia mpaka mvua ikakatika.

Alifariki wakati wa kiangazi, kitandani mwake, shuka kavu. Wanawe walilia, kilio cha kweli, wasisingiziwe. Fundi aliupiga ukuta ule ngumi, akaapa kuuchonga kesho yake. Chumba hakikukaa bure. Mkwe alihamishia humo majora yake ya vitambaa, yakapangwa mpaka karibu na dari.

Mvua iliporudi, mzee alikuwa mahali pake, na pale kushoto asipofika alikuwa amelala mama na gauni lake la nyumbani, nyayo zake zimegusana na za mzee. Hakuna aliyeuliza amepandaje bila ngazi. Kikombe kilichokuwa kikipokea matone kikarudishwa jikoni.

Fundi alikuja, mikono mitupu, akasimama uani akitazama juu mpaka shati likamganda mwilini.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia mama. "Umekula?"

Alitikisa kichwa kwamba bado. Alitaka kusema jambo, midomo ikafunguka, na simu ikalia mfukoni. "Jumamosi," akawaambia, akaondoka akiongea na mteja.

Mkwe akafungua dirisha. "Mama, samahani, hebu sogea kidogo huko kwako. Kuna jora linalowa huku mwisho."

Mama akasogea, nyayo zake zikaachana na za mzee.