Protoni Iliyokataa Kutulia

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja, na mkewe aliujua tangu wakati wa uchumba: kupenda vitu vilingane. Picha ikipinda ukutani, hali chakula mpaka ainyooshe. Ugonjwa huo haukuwahi kumdhuru mtu, mpaka ulipoipata protoni.

Mume na mke walifanya kazi chumba kimoja katika idara ya fizikia, meza zao zikitazamana. Fundi, aliyepewa jina hilo kwa ustadi wake wa kompyuta, aliandika programu. Mkewe alichambua majibu. Walitafuta uzito wa chembe kwa hesabu tupu, bila mizani. Kompyuta haiwezi kubeba ulimwengu mzima, kwa hiyo walijitengenezea kisanduku chenye nukta zilizopangwa kama wavu, chenye pande tatu za nafasi na wa nne wa wakati. Chembe ikitoka kupitia ukuta wa kulia, inarudi ndani kupitia wa kushoto. Mke aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila asubuhi alikuwa na kikombe chake cha chai na ulimwengu wake mdogo, na hakuona alichopungukiwa.

Ila sasa mambo yalikuwa yamekwenda kombo. Mesoni, chembe ya vipande viwili, ilitoka na uzito sahihi. Protoni, yenye vipande vitatu viitwavyo kwaki, ilitoka nzito mno. Profesa wao alikwisha sema: isiporekebishwa kabla ya kikao cha mchana, anaifuta kwenye makala. Roho ilimuuma mama wa watu. Mwili wake mwenyewe umejaa protoni, na alitamani siku moja aseme amekokotoa kitu alichoumbwa nacho.

"Programu yangu haina kosa," Fundi alisema. "Labda wewe ndiye umechambua vibaya."

"Nyani haoni kundule, baba watoto. Hebu niambie, ukutani umeweka kanuni gani?"

"Kwaki ikivuka, alama yake inageuka. Chanya inakuwa hasi."

"Ukuta wa wakati najua ni lazima. Na zile pande tatu nyingine?"

"Nimeweka hivyohivyo. Ulitaka ukuta mmoja uwe peke yake kama mtoto wa kambo?"

Mkewe alicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe ndiyo hiyo! Vipande viwili vikigeuka pamoja, hasi kwa hasi inarudi kuwa chanya, na mesoni haidhuriki. Vitatu vikigeuka, hasi moja inabaki. Basi protoni inalazimika kuwa juu ukuta huu na chini ukuta ule, kama kitambaa cha meza kilichoinuliwa upande mmoja. Hakiwezi kulala bapa. Na katika kazi yao, kulala bapa ndiko kutulia.

"Mume wangu, protoni yako haijawahi kukaa chini. Tumepima uzito tukachanganya na mbio."

Fundi alinywea. Kompyuta kubwa ilikuwa imehangaika miezi kwa ajili ya hesabu ile. Kikulacho ki nguoni mwako, mkewe aliwaza, lakini alimhurumia. Akavuta karatasi. Urefu wa kisanduku waliujua, kwa hiyo hata mbio ndogo kabisa zinazowezekana humo zilijulikana. Akaziondoa kwenye hesabu. Namba ikashuka, ikaja kukaa karibu kabisa na ile inayopatikana maabara. Kwa furaha aliipigia mstari mara mbili.

Kikaoni Profesa alikuwa ameshika kalamu nyekundu tayari.

"Protoni si nzito," mke alisema. "Tuliipima ikikimbia."

Akaeleza yote. Profesa aliipitia karatasi mstari kwa mstari.

"Na nani aliikimbiza?"

Mke alifungua mdomo aseme "sisi," maana mchuma janga hula na wa kwao. Fundi akamwahi, akasimama.

"Mimi. Nilitaka kuta zilingane."

Profesa alicheka, akafunga kalamu yake. Protoni ikabaki.

Waliporudi chumbani, Fundi alifungua programu akarekebisha kuta tatu, ili katika hesabu zijazo chembe ipate pa kutulia. Ukuta wa wakati ukabaki na kanuni yake, peke yake. Aliutazama. Vidole vilimwasha. Mkewe alimwona, akaendelea na chai yake.

Fundi akafunga programu bila kuugusa.