Ukurasa wa Wiki ya Pili

Nzisa hakuwa mjinga, asikudanganye mtu. Ila kwao Makongeni hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kabla yake, kwa hiyo hakuna aliyemwambia kwamba huko mtu hujisukuma mwenyewe. Aliyemfundisha hilo ni madam Selpha, mwalimu wao wa famasia, ambaye aliwapa madaftari wanafunzi waliokuwa wa kwanza kusoma kwao kama yeye. Kila Ijumaa uandike: nilipanga nini, nimeshindwa wapi, nitabadilisha nini.

"Muandike ukweli," madam aliwaambia. "Haya ni ya hapa kwetu tu. Hata mimi nilikuwa wa kwanza kwetu."

Basi Nzisa akaandika ukweli. Wiki ya pili aliandika kwamba hesabu za kuzimua dawa hazimwingii hata kidogo. Wiki ya tatu akapanga afanye tano kila asubuhi. Kufikia wiki ya saba alikuwa anawafundisha wenzake, akiwemo Samir, ambaye daftari lake lilisema neno lile lile kila Ijumaa: naelewa yote.

Ikatokea nafasi moja ya kwenda kujifunza kazi katika famasia ya hospitali, Ruiru. Wanaotoka huko hawakosi kazi. Nzisa akaiomba, na mamake muuza mboga akaanza kuwatangazia wateja.

Nafasi akapewa Samir.

Nzisa alipoenda ofisini kuuliza, madam Selpha hakumwangalia usoni. "Kamati ilitaka mtu asiyekosea vipimo. Niliwaonyesha ulichoandika wiki ya pili."

"Na wiki ya saba?"

"Hawakuwa na muda wa kusoma yote, Nzisa."

Angetukanwa, angevumilia. Lakini mtu akuambie ufungue moyo, ufungue, kisha achukue kilichomo akakuzibie riziki nacho? Aliumia jamani, aliumia kama mtu aliyeuzwa na dadake.

Muhula uliofuata, Shiko, msichana wa mwaka wa kwanza kutoka Kiganjo, alimfuata na daftari jipya mkononi. Naye kwao hakuna aliyesoma.

"Sista, hapa kwa 'nimeshindwa wapi' naandika nini? Kuna topiki nzima siielewi."

Nzisa aliangalia kama kuna anayesikia.

"Andika unaelewa yote," akamwambia. "Halafu kesho uje kwangu na hiyo topiki, tuifanye mpaka ikuingie. Na usimwambie mtu."

"Hata madam?"

"Hasa madam."