Kiti Kilichomkataa Tajiri

Tajiri aliingiza mguu mmoja, akainama, akauvuta mwili wote ndani, kisha akakwama. Gari lilikuwa dogo, hilo halina ubishi, gari la mbio la zamani lenye viti viwili tu na paa linalogusa nywele. Lakini tatizo halikuwa paa. Lilikuwa kiti. Alipojisogeza nyuma, kilimsukuma mbele. Alipojilaza, kilimbana mbavu. Akajaribu kukaa upande upande, nusu tako ndani nusu nje, na mwishowe akatoa kichwa dirishani.

"Sindano," alisema, "kiti hiki umemshonea nani?"

Sindano alikuwa amesimama hatua chache tu, chaki imepachikwa nyuma ya sikio, nyuzi zimemganda kwenye sketi. Aliinama akakitazama kiti. Na kweli, alimshonea nani?

Mjomba wake akatoka ndani ya karakana akichechemea. Huyu ndiye aliyemlea, akamfundisha kushona viti vya magari, akampa na hilo jina la Sindano kwa sababu ya wembamba wake wa utotoni. Sasa nyonga zilimtesa na mikono ilikuwa inatetemeka, ila kiganja chake bado kilikuwa na akili. Alimwomba Tajiri ashuke, akapitisha kiganja kwenye egemeo la kiti, taratibu, kuanzia kiunoni kupanda mabegani. Alipofika katikati ya mabega akatulia. Akaugeukia mgongo wa mpwa wake, akautazama, akacheka kwa pumzi tu.

"Haya," alisema. "Tumepatikana."

Sasa ni lazima nieleze, maana asiyejua kazi hii ataona kosa dogo. Katika karakana ile kiti cha dereva hakishonwi kabla mgongo wa mwenyewe haujapimwa. Unatundika karatasi ya kaki ukutani, unampaka mteja vumbi la chaki mgongoni, unamwambia aegemee. Akiondoka anaacha umbo lake. Wengine hucheka, wengine hukasirika na kudai wao si wanene kiasi hicho. Halafu unakata sponji, mteja anakaa, unapunguza, anakaa tena, mpaka akae kimya. Ukiona mtu amekaa akasahau anachotaka kusema, hapo kiti kimekubali.

Tajiri hakuja kupimwa. Yadi yake ya kuuza magari iko ng'ambo ya barabara, lakini kuvuka barabara kulimshinda. Alitaka alitembelee gari hilo mwenyewe mpaka apate mnunuzi, na kila alipoitwa alikuwa na simu sikioni. "We shona tu," alisema, "kiti ni kiti." Basi Sindano akakata sponji, na kwa kuwa hapakuwa na wa kukaa, akakaa yeye. Akapunguza, akakaa. Akapunguza tena.

Na alipokaa, mambo yakaanza kumponyoka. Gari lilikuwa la kijani kilichofifia, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye kamba. Taa zake za mbele zilikuwa zimelala chini ya vifuniko. Ukibonyeza swichi zinafumbuka, ya kulia kwanza, ya kushoto baadaye kidogo, kwa uvivu, kama mtu anayeamshwa usingizi ungali mtamu. Jua la alasiri lilipenya matundu ya bati na kumwaga matone ya mwanga juu ya usukani. Sindano aliushika. Alifumba macho, na karakana ikaondoka. Kukawa na barabara ndefu, laini, na upepo unaonukia mvua ya mbali, na yeye anakwenda bila kuulizwa anakwenda wapi. Alirudi tu Mjomba alipomwita amtungie uzi.

Kosa lake lilianzia hapo. Mkono ulikata kile ambacho mgongo uliomba.

Tajiri hakuitwa Tajiri bure. Alimtazama msichana, akatazama kiti, na malalamiko yote yakamwisha.

"Hebu kaa wewe," alisema.

Sindano akakaa. Kiti kikampokea bila neno.

"Umeona? Gari limeshachagua mtu wake." Tajiri aliegemea mlango, sauti imelainika. "Akiba yako iwe arbuni. Kilichobaki utanilipa kila mwezi, miaka mitatu, utamaliza bila hata kujua. Dhamana niwekee ile cherehani yako ya kushonea ngozi. Jumamosi tunasaini. Kama hutaki, hakuna ugomvi, fumua kiti unishonee mgongo wangu." Akamwachia ufunguo. "Kalizungushe kwanza. Usiniamini mimi, liamini lenyewe."

Kesho yake asubuhi Sindano alimpakia Mjomba kwenye kiti cha abiria. Kumpakia kulikuwa kazi, maana kiti kilikuwa chini sana na zile nyonga hazikutaka kusikia habari hiyo. Alimshika kwapa, akamshusha polepole, akamkunjia miguu ndani kwa mikono yake.

"Kanyaga," alisema Mjomba alipokwisha kupumua.

Neno hilo lilikuwa lake tangu zamani. Sindano alipokuwa mtoto, aliogopa sauti ya cherehani ya ngozi. Mjomba alikuwa akisimama nyuma yake, mkono begani, akisema hivyo tu, kanyaga, mpaka mguu unatii na mshono unaanza kukimbia.

Akakanyaga. Mitaa ikalegea, ikabaki nyuma. Nguo kwenye kamba za watu, milango iliyo nusu wazi, mwanamke aliyetaka kumwaga maji akasahau kuyamwaga, vyote vilipita kama vinaelea. Injini ilikuwa na sauti nene, ya mtu anayeimba peke yake akiosha vyombo. Sindano aliona mikono yake kwenye usukani akashangaa ilivyopendeza, mikono ileile yenye alama za gundi. Alijisikia mrefu. Hakumwona Mjomba, hakuiona saa, hakuona kitu ila mwanga ulivyokuwa ukitiririka juu ya boneti na kumwagikia kiooni. Alikuwa na furaha mpaka akaogopa.

Kwenye mwinuko wa kutokea mjini mshale wa joto ukapanda. Mvuke ukachomoza chini ya boneti, mweupe, mwembamba. Akasimamisha pembeni.

Mjomba alibaki ndani, kwa kuwa kutoka kungemla nguvu zote. Sindano alifungua boneti, akarudi akaketi chini kwenye majani, karibu na mlango wake.

"Vipuri vyake vinapatikana?" aliuliza Mjomba.

"Tajiri anasema vinaagizwa."

"Kutoka wapi?"

"Hakusema."

"Gari hili limekuzidi umri, mama. Litataka heshima ya mtu mzima. Leo linaumwa kifua, kesho magoti." Alijipapasa nyonga. "Mimi nalielewa kabisa."

Walicheka. Mvuke ulikuwa ukipungua, na chini kule mji ulionekana mdogo, umetulia, kama si wao walioutoka sasa hivi.

"Nikishindwa kulipa ataichukua cherehani," alisema Sindano.

"Ataichukua."

"Halafu tutakula nini?"

"Tutashona kwa mkono."

"Kwa mkono wa nani, Mjomba?"

Swali lilimtoka kabla hajalipima. Wote wawili waliitazama ile mikono iliyokuwa ikitetemeka juu ya mapaja, na Mjomba akaisukumia katikati ya magoti, ikapotea. Sindano aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma masikio. Lakini hamu ya gari haikuondoka. Ilikaa palepale.

"Unanikataza?"

"Sikukatazi. Cherehani nilikupa, haikuwa azima. Nikikuamulia cha kuifanyia nitakuwa nimeichukua tena." Aliitazama barabara. "Umri wako mimi nilitaka pikipiki. Nilikuwa naiota, nauota hata mlio wake. Sikuinunua."

"Ulijuta?"

"Siku nyingine nilijuta. Siku nyingine hata sikuikumbuka."

Sindano aling'oa jani, akalichana katikati. "Nalitaka, Mjomba. Sitakudanganya. Nikikaa pale ndani mwili wangu wote unatulia. Sijawahi kukaa hivyo."

"Hujawahi wapi?"

"Popote."

Mjomba aligeuka akamtazama. Na Sindano naye akasikia alichokisema. Akaliona akilini kreti la soda, lile la plastiki lililogeuzwa kichwa chini, alilolikalia mbele ya cherehani tangu miguu yake ilipofikia pedali. Kitako chake kililijua kila shimo. Migongo ya watu wote wa mji ule aliipima, akaitafutia raha yake, na jioni alinyanyuka kwenye kreti amejishika kiuno, asione ajabu yoyote.

Gari lilipoa. Walirudi kwa mwendo wa harusi, na mlangoni pa karakana ilimbidi Mjomba amkumbatie shingo ili avutwe nje. Alitoka kwa mkupuo mmoja, nusura waanguke wote wawili, na walibaki wameshikana hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi Tajiri alivuka barabara mwenyewe. Alikuwa na makaratasi na kalamu nzuri, na simu ameiacha ofisini, kwa heshima ya shughuli.

"Haya, bibie. Sahihi yako hapa, na gari ni lako."

"Nimeshika wembe wa kufumulia," alisema Sindano.

Tajiri alimtazama. Alijaribu kucheka, akaacha. "Utajuta."

"Najua. Siku nyingine." Alitundika karatasi ya kaki ukutani. "Geuka nikupake chaki."

Hapo ndipo Tajiri, mtu mzima na shati lake la pasi, alipoegemea ukuta kama mtoto anayepimwa urefu. Alipojitoa ukutani aliacha mgongo mpana uliopinda kidogo upande wa kushoto, upande wa simu. Aligeuka akautazama. "Kumbe ndivyo nilivyo," alisema.

Sindano akafumua. Aliumia, tusidanganyane. Kila uzi uliokatika ulitoa sauti ndogo, na barabara ile ndefu ikawa inafupika. Alipoitoa sponji nzima, imebonyea pale mabega yake yalipokuwa, machozi yalimdondoka, akayafuta kwa kiwiko na kuendelea.

"Hii naomba nibaki nayo," alisema.

"Chukua. Mgongo wako mimi wa nini?" Tajiri alikunja makaratasi. Kisha, akiwa anaondoka, "Gari litakuwa linauzwa bado. Ukijipanga, njoo."

Sindano aliiweka sponji juu ya rafu ya ngozi, akajiambia ataitafutia kazi. Jumapili Tajiri alikaa mpaka kiti kikamkubali, akalivusha gari mpaka yadini.

Jumatatu alikuta karakana imeshafunguliwa. Mbele ya cherehani, kreti la soda lilikuwa palepale, ila limepigiliwa ubao wa kuegemea, na juu ya ubao ilikuwa sponji yake, imevikwa vipande vya ngozi ya kijani vilivyobaki. Ilishonwa kwa mkono. Mshono ulikuwa umepinda, ukapanda, ukashuka, ukarukia pembeni, ukarudi. Mahali pengine sindano ilichoma mara tatu ndipo ikapata tundu. Pembeni paliachwa tone dogo la damu lililokauka.

Mjomba alikuwa kwenye kona, anakunywa chai, uso kaugeuzia mlangoni. Vidole viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa.

Sindano alikaa taratibu. Alitaka kusema kitu, akasahau ni nini.

Ng'ambo ya barabara mteja fulani alikuwa akionyeshwa gari. Tajiri alibonyeza swichi; jicho la kulia likafumbuka, na baada ya kitambo, la kushoto. Matone ya mwanga yalikuwa yameanza kuteremka kutoka kwenye bati, yakitua juu ya cherehani, juu ya mikono ya Sindano.

"Kanyaga basi," alisema Mjomba, bila kugeuka.

Akafumba macho, akakanyaga.