Ngumi za Evasio Ghione

Nahodha wetu Quaglia alimchukua Evasio Ghione awe kipa kwa sababu moja tu: alimwona akipiga mpira ukavuka paa la kanisa. Hakusimama kufikiri kwamba ule mpira ulipigwa kwa ngumi.

Ilikuwa mwaka 1906, na mpira wa miguu pale kwetu Rocca San Biagio ulikuwa kitu cha juzi. Mchezo wetu ulikuwa mpira wa ngumi: wanaume wanne upande huu, wanne upande ule, ukuta wa kanisa pembeni, mkono umefungwa vitambaa, na mpira unapigwa ukiwa hewani au ukishadunda mara moja. Ukiuvusha mstari wa mwisho, pointi ni yako. Pointi ya kwanza inahesabiwa kumi na tano, ya pili thelathini. Bingwa wa vilima vyote vile alikuwa Gepin, fundi mapipa, mjomba wake Evasio. Mji mzima tulimwita Barba Gepin, yaani Mjomba Gepin, wakubwa kwa wadogo. Evasio alifanya kazi kwenye karakana yake, na katika timu yake ya ngumi alikuwa mtu wa nne, yule anayesimama ukutani akingojea mabaki.

Mimi nilikuwa beki wa kushoto, kwa hiyo mechi yake ya kwanza niliiona kwa karibu kuliko nilivyotaka. Winga wa wageni alipiga shuti, Evasio akasimama tu anautazama mpira unakuja. Ukadunda mbele yake mara moja, ndipo akauchapa ngumi ukaenda pembeni, ukatoka nje kwenye mstari wetu wenyewe. Evasio akainua mikono juu. Wazee waliojaa pale kandokando wakarusha kofia.

"Kumi na tanooo!"

Wageni wakapewa kona, wakaipiga, wakafunga, na wazee wetu walikuwa bado wanashangilia. Siku hiyo tulichapwa nne kwa moja. Kwa hesabu za wazee, nadhani tulishinda vizuri sana.

Quaglia, ambaye siku za kazi alipima dawa kwenye duka la dawa na hakupenda kitu kizidi hata chembe, alitungojea akiwa mwekundu mpaka masikioni.

"Kipa anadaka, bwana wee! Anaudaka, anaukumbatia, kama mtoto mchanga!"

"Mtoto mchanga haji kwangu kwa teke," akasema Evasio.

"Cheka tu. Jumapili wanakuja watu wa Torino. Nikiona ngumi, hata moja, huo ndio mchezo wako wa mwisho. Ammann yupo."

Kweli alikuwepo. Ammann alikuwa Mswisi, fundi wa mashine kwenye kiwanda cha saruji, mrefu kama ngazi, na kwao alikuwa amefundishwa kudaka. Alisimama nyuma ya Quaglia akitabasamu kwa aibu, kama mgeni aliyekuta wenyeji wanagombana mezani.

Tukiwa njiani kurudi, Evasio hakucheka tena. "Tumlin," akaniambia, "pale golini mtu uko peke yako, na kila mpira unaokuja ni wako. Nimesimama pale saa moja na nusu tu, na sijawahi kufurahi vile. Sasa nitarudije kusimama ukutani?"

"Basi daka, ndugu yangu. Kuna ugumu gani?"

Ugumu ulikuwepo. Wiki nzima, tukitoka kazini, nilimrushia maboga kwenye ua wa karakana. Boga likija, ngumi yake inaruka yenyewe kabla hajafikiri. Tulivunja maboga kumi na moja. Mke wa Barba Gepin alitupikia supu ya maboga Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na Alhamisi akatoka na ufagio. Lakini kufika Jumamosi Evasio alikuwa anadaka. Alidaka kama mtu anayepokea sahani ya moto, ila alidaka.

Jumapili mvua ilinyesha tangu misa ya kwanza. Watu wa Torino walishuka kwenye treni na masharubu yaliyopakwa mafuta na viatu vilivyong'aa, wakauangalia uwanja wetu, ambao Ijumaa ulikuwa umelala ng'ombe wa mnada, wakaangaliana. Mpira wa ngozi ukishalowa unakuwa mzito kama jiwe la mto, tena unateleza. Evasio alidaka wa kwanza. Akadaka wa pili. Quaglia akampigia makofi kutoka mbele kabisa. Wa tatu ulimpenya mikononi kama samaki, ukamgonga goti, ukaingia golini polepole, mbele ya macho yetu sote.

Mapumziko tulijibanza chini ya paa la mizani ya ng'ombe, tukipokezana chupa ya divai. Barba Gepin akaja na mwavuli wake na vitambaa vyake vya mkononi, vile vyenyewe vya ubingwa.

"Lete mkono," akamwambia mpwawe.

"Barba, tafadhali," akasema Quaglia. "Huu si mchezo wako."

"Ndiyo maana mnafungwa."

"Kuna utaratibu, Barba. Duniani kote kipa anadaka!"

"Duniani kote hawana mikono ya kwetu. Tazama, umemfunga huyu kijana kama kuku anayepelekwa sokoni!"

Wakaanza kupiga kelele wote wawili. Evasio alikaa juu ya ndoo, akiangalia viganja vyake. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kwa mjomba wake.

"Bwana Quaglia," akasema, "Jumapili ijayo mweke Ammann, sitanuna. Leo kama ni kufungwa, niache nifungwe kwa ngumi zangu."

Quaglia akafungua mdomo, refa akapuliza filimbi, mdomo ukabaki wazi hivyohivyo.

Siku zile sheria ilimruhusu kipa kutumia mikono katika nusu nzima ya uwanja wake. Makipa wengine walikaa golini hata hivyo, kama mabwana. Evasio alitoka. Mpira mrefu wa watu wa Torino ulikuwa unashuka karibu na mstari wa kati. Alinipita mbio, kichwa chini, matope yananirukia usoni. "Ni wangu!" akapiga kelele, akauacha udunde mara moja, akazungusha mkono kutoka nyuma ya bega, akaupiga. Mlio wake naukumbuka: kama nyundo kwenye pipa tupu. Ule mpira ulipita juu ya mabeki wao wawili, nao wakageuka kuutazama kama watu wanaotazama ndege. Aliyeukimbilia ni Quaglia. Akafunga.

Watu wa Torino wakamzunguka refa. Refa akatoa kijitabu mfukoni, kimelowa, akakisoma mbele, akakisoma nyuma.

"Mkono unaruhusiwa," akasema. "Kitabu hakisemi uwe umekunjuliwa."

Dakika za mwisho, tukiwa sare moja kwa moja, walilibana lango letu kama wanataka kuhamia humo. Shuti la mwisho nililisikia likipita sikioni kwangu. Evasio aliruka pembeni, ngumi ikalikuta chini ya mtambaa wa panya, na safari hii mpira haukwenda nje. Ulipaa, ukavuka katikati, ukazidi kwenda, mpaka kwa kipa wao. Naye aliudaka vizuri sana, kifuani, mikono yote miwili, kama inavyofundishwa duniani kote. Ukamteleza. Quaglia alikuwa amesimama pale pale.

Mbili moja. Barba Gepin alibusu watu asiowajua.

Tulipovua viatu, mkono wa Evasio ulikuwa umevimba kama mkate. Alikwenda kwa Quaglia akiwa amenyooka.

"Ahadi ni ahadi, nahodha. Ngumi ulizihesabu?"

"Saba," akasema Quaglia. Alikuwa mtu wa neno lake, na neno lake lilimkaa kooni kama mfupa. Akamtazama Ammann.

"Mimi?" Ammann akarudi nyuma. "Mimi sikai pale! Nikidaka mpira mmoja tu, wazee hawa watanipiga na miavuli. Nipeni ubeki."

"Beki wa kushoto yupo," nikasema haraka.

"Wa kulia basi," akasema Quaglia, na ule mfupa ukashuka. Akauchukua mkono wa Evasio, akaugeuzageuza chini ya mwanga. "Hapa pakandwe maji baridi na siki, asubuhi na jioni. Mpaka Jumapili nautaka umepona. Na mkono wa kushoto uufundishe pia."

Akaufundisha. Alilinda goli letu misimu kumi, na vijana wa bonde zima wakaanza kusimama golini wamekunja ngumi. Mwaka 1912 sheria ikabadilishwa, kipa asiguse mpira kwa mkono nje ya boksi lake. Mjini kwetu kila mtu aliamini sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya Evasio, na Barba Gepin alitembea wiki nzima kifua mbele. Evasio mwenyewe aliingia ndani ya boksi, akapima kwa macho umbali mpaka mstari wa kati, akaniambia nimrushie mpira mmoja wa juu.