Foleni ya Kombe

Kwanza niyaweke hapa maneno yaliyokuwa kwenye bango, maana nawajua watakaokuja kuyakana: RUZIZI FC, MABINGWA WA PASAKA 2013. Chini ya maneno, picha ya wanaume kumi na wawili wa Guildford, hapa Sydney, wenye jezi za bluu, na katikati yao Patrick amelikumbatia kombe kama baba aliyempata mtoto wake kituo cha polisi.

Kombe lile halikuwa letu. Fainali ile tulifungwa nne kwa moja na klabu ya Toongabbie. Nilikuwepo. Picha yenyewe niliipiga mimi.

Miaka ile ya mwanzo sisi tuliotoka kambi za wakimbizi tulipiga picha na kila kitu, za kutuma nyumbani. Unasimama mbele ya gari la jirani. Unaona harusi kanisani, bibi harusi humjui, unaomba usimame naye kidogo. Mimi mwenyewe nimepigwa nimekalia pikipiki ya Mzungu mmoja nje ya stesheni ya Granville, na mjomba wangu alifia kambini akiamini kwamba naendesha pikipiki. Hakuna aliyeuita uongo. Basi Toongabbie walipochoka kushangilia, watu wetu wakapanga foleni, mmoja mmoja, kisha wote kwa pamoja. Tukaazimwa kombe kwa dakika kumi, tukalirudisha tumelifuta alama za vidole.

Kosa lilikuja baadaye. Patrick aliitundika ile picha sebuleni kwake bila neno lolote. Wageni wakaja, wakauliza, naye akatabasamu tu. Waliofika Sydney nyuma yetu wakalichukua tabasamu wakalifanya historia. Miaka miwili haikuisha, tukamchagua kuwa Prezida wa klabu. Ndiyo, na mimi nilinyoosha mkono. Hilo pia nalikumbuka.

Mwaka huu tuliingia fainali tena, na barua ikaja: mechi itachezwa kwenye uwanja wa kweli, wenye viti na taa, na kila klabu itaruhusiwa bango moja la kufunga kwenye uzio, mita tatu kwa moja, lenye historia yake. Kamati ikakutana Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa kanisa pale Guildford. Tulikuwa watu kumi na wawili na sahani moja ya sambusa, ambayo Prezida aliiweka upande wake.

"Ni kombe," akasema Patrick. "Kuna nini cha kujadili?"

Kalume, katibu wetu, mtu wa Uvira kule Kongo, asiyependa ugomvi hata ukiwa wa redioni, akainua kalamu. "Mimi naona tuweke simba."

"Simba?" nikamwuliza. "Aliwahi kutuchezea? Alivaa namba ngapi?"

"Ni alama, Fiacre. Kila timu ina simba."

"Ndiyo maana sisi hatumhitaji."

Hapo ndipo Maman Emérance akasema. Alikuwa ameketi karibu na mlango, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, viatu amevivua miguu ipumzike.

"Wekeni mechi ya 2011," alisema. "Ile ya watu saba."

Wanakamati waliokuja nyuma wakatazamana. Wakongwe wakaanza kuisoma dari.

Nitaieleza mimi, kwa sababu wao hawakuieleza. Ruzizi ilikuwa na miezi mitatu. Mara mbili tulikuwa tumeshindwa kufika uwanjani, kwa kuwa mabosi wa magodauni walikuwa na tabia ya kumpigia mtu simu Jumapili asubuhi, njoo sasa hivi, usipokuja usije tena. Mara ya tatu tungefutwa kwenye ligi. Siku hiyo wakampigia kipa wetu, Dieudonné, akaondoka na glavu zake mkobani. Tukabaki wanaume sita. Sheria ilitaka saba.

Emérance alikuwa ametoka kanisani na sufuria ya pondu, kisamvu chetu cha Kongo, kwa ajili yetu. Aliiweka chini, akakaza kitenge, akavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo alizokuwa nazo kwenye mfuko, akaenda kusimama golini. Refa alifungua kitabu chake kutafuta sheria ya kumkataza. Alitafuta sana. Hakuipata.

Tulifungwa tisa. La kumi lilikuwa penalti, na penalti ile Emérance aliidaka, akaanguka nayo kifuani, akakataa kuinuka mpaka refa akapuliza filimbi ya mwisho. Ruzizi haikufutwa. Wote waliokaa kwenye kamati ile, na sambusa zao, walikuwa wamekalia penalti ile.

"Maman," Patrick akasema kwa ile sauti yake ya mahubiri, "tunakuheshimu sana. Lakini tisa bila tunaitundika wapi? Watu watatucheka."

"Sitaki sifa, Prezida. Wewe unajua ninachotaka."

Alijua, na sote tulijua. Ineza, binti yake Emérance, na wasichana wenzake kumi na wanne walikuwa na timu. Walifanya mazoezi kwenye mteremko karibu na reli ya Granville, mpira ukiwaponyoka wanaukimbilia hadi barabarani. Mara tatu Emérance aliiomba kamati iwape jezi za Ruzizi na nusu ya uwanja wetu siku za Jumamosi. Mara tatu Patrick alijibu kwamba jezi ni ya wenye historia, na kwenye historia ya Ruzizi wanawake hawamo. Basi mama wa watu alikuja kuomba awemo. Mita tatu kwa moja tu.

"Tupige kura," Patrick akasema.

Kombe lilipata kura tisa. Mechi ya 2011 ilipata mbili, ya Emérance na yangu. Simba alipata moja.

Jumanne yake Kamande akanipigia simu. Huyu ni Mkenya, mwenyekiti wa Toongabbie, mtu mwenye kicheko kinachofika kabla yake.

"Niaje, mzee Fiacre. Si ni wewe ulikuwa na kamera 2013? Nasaka picha ya bango letu. Tuko na kombe, lakini picha hatuna, simu zote za enzi hizo zilikufa."

"Ninazo arobaini," nikamwambia.

"Nitumie moja poa."

Nilikaa nazo jioni nzima. Nikachagua moja. Nahodha wa Toongabbie amelinyanyua kombe juu, jua linalipiga, picha nzuri kweli. Na nyuma yake, wamejipanga vizuri kama watu wanaosubiri chanjo, ni Ruzizi wanangoja zamu yao. Wa kwanza kwenye foleni ni Patrick. Ameinama kwenye kioo cha gari la mtu, anachana nywele.

Sikuandika neno lolote chini yake. Aliomba picha, nikampa picha.

Jumapili saa nane mchana tukaingia uwanjani. Mabango yalifungwa kwenye uzio mmoja, letu na lao bega kwa bega, yakilitazama jukwaa lote. La kwetu: Patrick amekumbatia kombe, mabingwa 2013. La kwao: kombe lile lile, mwaka ule ule, na Patrick kwenye foleni na kitana chake, kichwa kikubwa kama sufuria la harusi.

Kwanza watu walisoma. Kisha upande wa Toongabbie mtu mmoja akaanza kwa sauti nyembamba, "Fo-le-ni!" Wenzake wakapokea. Ngoma yao ikashika mdundo. "Fo-le-ni! Fo-le-ni!"

"Prezida!" mwingine akapaza sauti. "Hizo nywele ulizichania fainali ipi?"

"Mpeni kitana, zamu yake inakaribia!"

Patrick akapanda ngazi za jukwaa hadi nilipokaa, taratibu, kama mtu anayeenda kutoa rambirambi.

"Fiacre."

"Prezida."

"Ile picha ni yako."

"Zote mbili ni zangu."

Watu wetu, wale waliokuja nyuma, walikuwa wamemgeukia wanamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutabasamu. Mapumziko yalipofika akashuka mwenyewe, akafungua kamba, akalikunja bango letu.

"Upepo," aliwaambia waliomkaribia. "Litapasuka."

Bendera juu ya jukwaa ilikuwa inaning'inia kama kitambaa cha kufutia meza.

Pakabaki uzio mtupu, mita tatu kwa moja, na Toongabbie wanatuimbia. Ndipo nikamwona Emérance akisimama. Akina mama wetu walikuwa wameketi kwenye majani kando ya jukwaa, na yeye alikuwa amekalia kitenge cha kijani chenye miamvuli ya njano. Akakikung'uta makombo ya maandazi. Nilikijua hata kabla hajakitandaza: pindo la chini lina tundu, mshambuliaji wa siku ile ya 2011 alilikanyaga kwa njumu.

"Ulikuja nacho makusudi?" nikamwuliza nilipomfikia.

"Nilikuja kuikalia historia yenu, kaka," alisema. "Hamkuitaka ukutani, basi nikasema angalau iwe mkeka. Shika hapo."

Nikashika. Ineza akachomoa kamba za viatu vyake, tukakifunga kwa hizo. Pembeni akaning'iniza glavu za kuoshea vyombo, mpya, za waridi, kwa sababu za zamani zilishaoza. "Mum, pull it tighter," alisema, akitaka kikazwe zaidi, na mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba afunge yeye mwenye macho ya ujana.

Watu wakaanza kuuliza, hicho kitambaa ni cha nini? Wakongwe, ambao kwenye ukumbi walikuwa wanaisoma dari, sasa ndimi zikawafunguka. Nilisikia mmoja akiwaeleza vijana kwamba mama huyu aliokoa penalti mbili. Safu ya viti ya juu yake, penalti zilikuwa tatu. Mechi inakaribia kwisha nikasikia kwamba tulitoka sare.

"Moja!" nikapiga kelele. "Aliokoa penalti moja! Na tulifungwa tisa!"

Hakuna aliyenisikiliza. Yaani nusu saa tu, na uongo ulikuwa umeshaota miguu. Emérance alicheka mpaka akafuta machozi.

Tulifungwa mbili kwa moja. Kamande akaja na kombe kwapani, watu wake nyuma, kicheko kimetangulia.

"Wazee wa Ruzizi, poleni. Foleni inaanzia hapa, kama kawa. Prezida, karibu, wewe ni mteja wa zamani."

Patrick alilitazama kombe. Naapa mkono mmoja ulijisogeza. Kisha akageuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, mbele ya kitenge.

"Fiacre, lete simu," alisema. "Piga hapa."

Wanakamati wakaona pana picha, wakamfuata. Mmoja, wawili, sita, tisa. Hawakujua hata wanafanya nini, miguu ilijipanga yenyewe. Kwa mara ya pili katika maisha yangu niliiona Ruzizi nzima kwenye foleni, Patrick mbele.

Emérance akajiweka katikati yake na kitenge. Alinyoosha mikono kama siku ile.

"Picha ni jezi kumi na tano," alisema. "Na nusu ya uwanja kila Jumamosi."

"Maman, hayo ni mambo ya kamati."

"Na hawa waliopanga mstari nyuma yako ni akina nani?"

Patrick akageuka. Kamati ikamtazama, kila mtu ameshaweka kola yake vizuri. Toongabbie nao walikuwa wamenyanyua simu, wanarekodi.

"Kalume," Patrick akasema polepole, "andika."

Kalume akatoa simu, akaandika kwa kidole kimoja, akasoma kwa sauti: jezi kumi na tano, nusu ya uwanja, kila Jumamosi, kuanzia wiki ijayo. "Wanaounga mkono?"

Mikono ikapanda foleni nzima. Ilikuwa kura ya kwanza ya Ruzizi bila mpinzani.

"Na jezi za wasichana," Kalume akaongeza, "tungeweza kuweka simba..."

"Kalume!"

Emérance akaondoka golini. Patrick akasimama mbele ya kitenge, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kitana. Nilimsubiri amalize. Nikapiga.

Nyumbani nilifanya jambo ambalo 2013 sikulifanya. Kabla ya kuituma picha kwenye kundi letu la WhatsApp, niliandika chini yake: Fainali. Tumefungwa mbili kwa moja. Kitenge ni cha Emérance, penalti moja, 2011. Hao wengine waliomba kusimama nacho.