Kikasha cha Bobini

Mkaguzi alinunua tiketi kwanza. Alichagua namba arobaini na moja, akamuuliza binti aliyeziuza zawadi ni nini.

"Cherehani ya mama," binti alisema, macho chini.

"Na yeye atashonea nini?"

Binti alimwelekeza kwa kidevu. Mama yake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya chumba cha kufulia cha hospitali. Mkono wake wa kulia uliishia kwenye kiwiko. Mashine ya kupigia mashuka pasi iliuvuta akiwa kazini, na hospitali ikampa barua ya pole. Wafuaji wenzake waliamua kuchezesha bahati nasibu wamnunulie mkono wa bandia.

"Pole sana, mama," mkaguzi alisema. Akatia tiketi mfukoni, akatoa kitambulisho cha ofisi ya bahati nasibu. "Kibali kiko wapi?"

"Kibali gani, baba?" aliuliza mfuaji mkongwe waliyemwita Bibi Sabuni. "Sisi tunachangiana."

"Kuchangiana ni kutoa. Hapa mtu anatoa ili ashinde. Kikundi kisajiliwe, kitimize miaka mitatu, kiombe kibali, kisubiri siku sitini. Ndiyo sheria."

"Na wale?" Ng'ambo ya barabara vijana walibanana kwenye dirisha la kubeti.

"Wale wanacho."

"Basi tungeuomba mkono usubiri miaka mitatu ndipo ukatike."

Wafuaji waliangua kicheko. Mkaguzi aliandika "kielelezo" kwenye karatasi, akaamuru cherehani ipakiwe garini.

"Niipanguse vumbi kwanza," Mama alisema.

Aliipangusa kwa upindo wa gauni, taratibu, juu hadi chini. Alipojitoa, ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Hakuna aliyeitazama. Watu wote hutazama mkono usiokuwepo. Binti peke yake aliona: Mama alikuwa amechomoa kikasha cha bobini, kile kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini.

Mama na binti walikwenda ofisini kwa mkaguzi kuidai cherehani mara saba. Mara saba waliambiwa faili liko kwa bosi. Mwezi wa nne tangu ichukuliwe, ofisi ile ile ilichezesha bahati nasibu yake kwa ajili ya yatima, kibali kimebandikwa mlangoni. Miongoni mwa zawadi kulikuwa na vielelezo "visivyo na mwenyewe". Cherehani ilikwenda kwa mke wa mkaguzi.

Wiki iliyofuata mkaguzi alisimama mlangoni pao, kiatu kimoja ndani.

"Mama, ile mashine haishoni. Mafundi wote wanasema kuna kitu kimetolewa, na madukani hakipo, ni ya zamani mno. Mke wangu hanipi usingizi."

"Pole sana, baba," Mama alisema.

"Unacho wewe."

"Labda."

"Nitakulipa."

"Kalete kibali. Nitakisubiri siku sitini."

Binti alicheka kwa sauti, yeye ambaye hata sokoni huagiza kwa kunong'ona. Macho ya mkaguzi yakawa mekundu.

"Hicho ni sehemu ya kielelezo. Umeiba mali ya serikali. Naweza kukufunga leo hii!"

"Pingu utafungia wapi?" Mama aliuliza.

Akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake, ngumi imefumbwa. Mkaguzi aliitazama. Kisha akamshika kifundo cha mkono na kuanza kuifumbua ngumi, kwanza kidole gumba, halafu cha shahada, akihema kama anayefungua mlango uliopata kutu. Mama alikaza. Jasho lilimtoka mkaguzi puani, likadondokea vidole vile.

Kikasha kilikuwa kwenye shimo la choo tangu asubuhi. Binti ndiye aliyekitupa, Mama akiwa amesimama nyuma yake. Binti angeweza kumwambia mkaguzi.

Alivuta kigoda, akakaa kuhesabu vidole vilivyobaki.