Kidole cha Chancelle

Kocha Bulonza aliwaimbia wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo chake sheria moja kuhusu panie, yaani kikapu, mpaka masikio yakachoka: "Panie haiko ya mutu mumoja. Ukifunga, onyesha kidole mwenye alikupa mupira."

Miaka miwili kidole cha Chancelle kilielekea kushoto, kwa Gloire, mwenzake aliyempa pasi kutoka upande huo. Kisha mvua ikaporomosha nyumba kule mtaa wa Cimpunda, Gloire akiwa ndani.

Fainali ya vyuo vikuu ilikuwa sare, muda ukiyoyoma, mchezaji mpya Domitille alipompa Chancelle pasi kutoka kulia. Akarusha, mpira ukaingia, uwanja ukalipuka. Naye, kwa mazoea, akanyoosha kidole kushoto, pasipo na mtu.

Domitille akamtazama, kisha naye akanyoosha kidole palepale.